Moto wa Juu

Dukani Kariakoo zilikaa pamoja: maikrowevu ya kawaida, na nyingine yenye oveni ndani yake, bei karibu mara mbili. Akiba yangu ya mwaka mzima ingetosha moja tu. Nilikuwa namnunulia Mama, anayeuza mkate wa kumimina huko Tanga, ambaye daktari alishamwambia aachane na moshi wa mkaa.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, basi nikaanza na asili ya chombo. Mwaka 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot walitengeneza magnetroni iliyoipa rada mawimbi mafupi yenye nguvu. Kilichotafutwa ni ndege na nyambizi za adui. Mwaka 1945 Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, mtu aliyeacha shule akiwa mtoto, akakuta chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake aliposimama karibu na magnetroni. Akajaribu punje za mahindi, zikawa bisi. Maikrowevu zilizoanza kuuzwa 1947 zilikuwa na kimo cha mtu na uzito wa zaidi ya kilo 300. Mwaka 1967 ikaja ya kuweka mezani, kwa dola 495.

Chombo hiki, basi, hakikuzaliwa jikoni. Mawimbi yake hutikisa maji yaliyomo ndani ya chakula, na maji yakichemka joto hukwama karibu na nyuzi 100. Mkate kuwa wa kahawia huhitaji zaidi ya hapo. Nikampigia Mama kumweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, moto wa juu utatoka wapi?"

Nilikuwa nimesahau. Mkate wa kumimina huwekewa makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Ile maikrowevu ya bei kubwa ina waya wa joto na feni: ni makaa ya Mama yamerudi kwa njia ya umeme.

Nikainunua, nikaipakia kwenye basi la Tanga. Mkate wa kwanza uliungua kingo. Wa tatu aliuuza. Umeme ukikatika bado anawasha mkaa, lakini siku nyingine zote ninapompigia, anaongea bila kukohoa.