Ukitaka historia ya Bungoma, piga hodi kwa mwenyeji mwenyewe

Desemba iliyopita nilisafiri hadi Kitale na Bungoma kwa siku nne. Nilikuwa nimealikwa kwenye sherehe ya mahari ya mpwa wangu, ila nilikuwa na deni jingine. Kwa miaka mingi nimelifundisha neno 'ngome' nikitoa mfano wa Fort Jesus pekee. Ngome ya Chetambe, iliyo katika eneo la Magharibi nilikozaliwa, sikuwa nimewahi kuikanyaga. Aibu hiyo, mpenzi msomaji, ndiyo iliyonipandisha matatu.

Chumba cha Kitale nilikuwa nimekibuku kupitia wakala wa mtandaoni. Kufika mlangoni usiku, kijana wa mapokezi akaniambia jina langu halipo. "Hapa hatujatumiwa kitu, boss. Labda uongee na hao wenyewe." Hao wenyewe ni nani? Simu yao iliita hadi ikachoka. Mwendeshaji bodaboda aliyenileta alinihurumia, akanipa nambari ya mama mmoja anayekodisha vyumba vitatu bomani mwake, nje kidogo ya mji. Nikapiga. "Kuja tu, mwalimu. Umekula?" Hakuuliza kadi wala nenosiri. Alichotaka kujua ni kama nimekula.

Hapo ndipo nilipoielewa upya methali ambayo sote tuliikariri shuleni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ina watu wawili tu, mgeni na mwenyeji. Dalali hayumo. Sisemi mawakala wote ni wabaya. Ninachosema ni kwamba mgeni anapozungumza na mwenyeji moja kwa moja, hupata zaidi ya kitanda. Hupata na maneno.

Asubuhi mama huyo alinielekeza kwenye jumba la makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1974. Msingi wake ni mkusanyiko wa Hugh Stoneham, mlowezi aliyejaza nyumba yake vipepeo, ndege na vitabu. Ni mahali pa kutembelewa, lakini ukitoka humo unaona jinsi historia ya Trans Nzoia ilivyoandikwa na wenye mashamba makubwa. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 ili ibebe mazao yao. Nilimwuliza mwenyeji wangu ni nani angenisimulia upande wa pili. Akacheka. "Wewe unataka Chetambe. Nitakupigia mtu wa kwetu Webuye."

Basi nikateremka na barabara ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye. Kumbuka kuwa mji huo wakoloni waliuita Broderick Falls, kwa jina la mgeni aliyeona maporomoko ya Mto Nzoia, kana kwamba maji hayo yalianza kuanguka siku aliyoyaona. Wenyeji wanayaita Nabuyole. Nililala katika nyumba ya wageni yenye vyumba vinne na kuku wengi. Baba ya mwenye nyumba, mzee wa miaka themanini na ushei, alinipokea kwa "Mulembe!" Nami nikamwita Kuka, yaani babu, kama inavyostahili.

Kesho yake tulipanda mlima polepole, yeye na fimbo yake. Juu kule nilitazama huku na huku nikitafuta kuta. Sikuziona.

"Kuka, ngome iko wapi?"

"Si umesimama juu yake? Wewe mwalimu unatafuta mawe. Sisi tulijenga na udongo."

Chini ya miguu yangu palikuwa na tuta lililoliwa na mvua, na kando yake bonde dogo ambalo zamani lilikuwa handaki. Kisha mzee akanisahihisha jambo ambalo vitabu vyangu havikuwa vimenisahihisha. Alisema 'ngome' si neno lake. Neno lake ni lukoba; zikiwa nyingi, chingoba. Mwanaisimu ndani yangu alifurahi, kwa kuwa mabadiliko hayo yana undugu na yetu ya ulimi na ndimi. Lakini mzee hakuwa akinifundisha sarufi. "Lukoba ni kijiji," alisema. "Watu wanalala huko. Mama, watoto, ng'ombe. Ukuta ni wa kuzuia adui."

Hebu tuyasome matukio ya 1895 kwa neno hilo. Katika kituo cha Mumias, Waingereza walidai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu. Askari wa Kisudani waliotumwa kuzichukua wakauawa. Kikosi kilichofuata, chini ya C. W. Hobley, kilishambulia Lumboka kwanza, kisha Chetambe, kikiwa na bombomu, yaani bunduki ya rashasha. Maandishi ya wakati huo huwaita Wabukusu 'Kitosh', jina walilopachikwa na majirani. Ukisema 'ngome ilivunjwa', msomaji huona askari wakipigana na askari. Ukisema 'lukoba ilivunjwa', huona kijiji kikichomwa na watu wake wakiwa ndani. Tukio ni lile lile, lakini hukumu inabadilika. Mimi nimekuwa nikilisema la kwanza darasani kwa miaka yote hiyo.

Wenyeji hawakusahau. Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Tazama jina la kundi lake, Dini ya Msambwa. 'Dini' tumelitoa kwa Waarabu. 'Msambwa' ni la Kibukusu, linahusu mizimu na mila za mababu. Kiunganishi 'ya' ni cha Kiswahili safi. Mtu aliyepinga utawala wa kigeni aliziunganisha lugha hizo kwa maneno matatu tu, na serikali ya kikoloni ikaliogopa jina hilo kiasi cha kulipiga marufuku. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakaua kadhaa.

Hata jina Bungoma lina mjadala. Wapo wanaolihusisha na Wabongomek, jamii iliyoishi huko awali. Wapo wanaosikia ngoma ndani yake. Kuka alipoulizwa, alijibu, "Inategemea ni nani amekukaribisha." Sijasikia maelezo bora zaidi kuhusu asili ya majina.

Ushauri wangu kwa anayesafiri upande huo ni mwepesi. Tafuta nambari ya mwenye nyumba, mpigie mwenyewe. Ulizia bei na kama chai ya asubuhi imo. Usitume pesa zote kwa M-Pesa kabla hujafika. Kisha uliza swali ambalo hakuna wakala atakayekuulizia: hapo kwenu kuna mzee wa kunisimulia?

Uliza mapema. Nilipomshukuru Kuka siku ya kuondoka, aliniambia wajukuu wake wako Nairobi na wanajua 'fort', ila 'lukoba' hawaijui. Tuta la udongo linaliwa na mvua kila mwaka, na neno nalo linaliwa vivyo hivyo. Januari nilipofungua darasa, niliandika maneno mawili ubaoni, 'ngome' na 'lukoba', nikawaomba wanafunzi waniambie tofauti. Hakuna aliyeijua, hata wale waliotoka Webuye.