Siku upepo unapogeuka: wanavijiji wa Victoria na moto wa mikaratusi

Aliyekulia Lushoto, Limuru au Mufindi anaujua mkaratusi. Ndio nguzo ya umeme, ndio kuni za kukaushia chai, na ukishikwa na mafua mama huchemsha majani yake, akakufunika blanketi juu ya sufuria uvute mvuke mpaka kifua kifunguke. Ule ukali unaopanda puani ni mafuta. Sasa ondoa shamba la miti, weka milima mizima ya mikaratusi katika nchi yake ya asili, katikati ya kiangazi, joto limepita nyuzi 40 na mvua haijaonekana kwa majuma. Mafuta yale yale ndiyo yanayowaka. Magome yaliyobanduka, yananing'inia shinani kama matambara, hushika moto, upepo ukayachukua na kwenda kuwasha moto mwingine kilomita kadhaa mbele ya ule wa kwanza.

Hilo ndilo jimbo la Victoria, kusini mashariki mwa Australia. Vijijini huko wanaoutokea moto huo si askari wa mshahara. Ni mfuga kondoo, mwalimu, fundi wa magari, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Chombo chao kinaitwa Country Fire Authority, kwa kifupi CFA, na kina vikosi vipatavyo 1,200 vyenye zaidi ya watu 50,000 wa kujitolea. Kwetu neno kujitolea limezoea kubeba dharau kidogo, kana kwamba anayefanya kazi bila malipo hawezi kuwa fundi wa kazi hiyo. Historia ya watu hawa inalikataa wazo hilo. Karibu kila kitu walicho nacho kwenye magari yao kina tarehe yake, na nyingi ya tarehe hizo ni za misiba.

Kabla ya tarehe, upepo. Siku mbaya za Victoria huanza na upepo wa kaskazini, mkavu, unaotoka katikati ya bara ambako ni jangwa. Moto ukianza siku hiyo hukimbia kuelekea kusini na kuwa mrefu na mwembamba, mfano wa ulimi. Kichwa chake ni chembamba. Mbavu zake ndizo ndefu, pengine kilomita 20 au 30, nazo huungua kwa utaratibu. Jioni hufika upepo wa baridi kutoka kusini magharibi. Asiyejua atashukuru, kwa sababu joto linashuka ghafla. Lakini upepo ule unaupiga moto ubavuni, na ubavu wote wa kilomita 30 unageuka kuwa kichwa. Waliokuwa wamesimama kando ya moto, mahali palipoonekana salama, wanajikuta mbele yake.

Zimamoto ya kujitolea ilianza mapema katika jimbo hilo. Tarehe 6 Februari 1851 moto ulipita katika karibu robo ya Victoria. Mwaka huo huo dhahabu ikapatikana, na miji ya mbao na turubai ikaota Ballarat na Bendigo. Wachimbaji na wenye maduka wakaunda vikosi, wakajenga minara ya mlinzi na kuning'iniza kengele. Walikuwa wakishindana vikali nani atafika kwanza na nani ataunga mpira wa maji haraka, na mashindano hayo yapo mpaka leo. Sheria ya mwaka 1890 ikaviweka vikosi vya miji ya mikoani chini ya bodi moja.

Mashambani ilikuwa habari nyingine. Mwenye shamba alipoona moshi alichukua gunia, akalilowesha, akapanda farasi na kwenda kupiga moto wa nyasi pamoja na majirani. Ni kama msaragambo tunaoujua Upareni na Uchagani: anayesikia anatoka, asiyetoka anaulizwa. Gunia bichi linatosha kwa moto wa nyasi fupi asubuhi isiyo na upepo. Kwa msitu wa mikaratusi halitoshi hata kidogo.

Ijumaa tarehe 13 Januari 1939 lilithibitika hilo. Joto la Melbourne, mji mkuu wa jimbo, lilifika nyuzi 45.6. Mioto iliyokuwa imeachwa kuungua milimani kwa siku nyingi iliungana, na watu 71 wakafa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya mbao vilivyojengwa ndani kabisa ya msitu, vyenye njia moja ya kutokea na vingine havina hata hiyo. Katika kiwanda kimoja karibu na Matlock walikufa watu 15. Aliyepona alijifunika blanketi lililoloweshwa maji.

Serikali ilimpa Jaji Leonard Stretton kazi ya kuchunguza. Alizunguka vijiji na kusikiliza watu, na aliyoyakuta hayakumfurahisha. Karibu mioto yote ilikuwa imewashwa na binadamu: mfugaji anayetafuta majani mabichi, mchimbaji anayetaka kuona miamba, msafiri aliyeacha moto wa kambi. Kila mmoja aliwasha kwa haja yake, na hakuna chombo kilichokuwa na mamlaka ya kumzuia. Idara ya misitu ilikuwa na eneo lake, vikosi vya miji vina bodi yao, vikosi vya vijijini vina kamati yao. Moto ukivuka mpaka, wa upande wa pili hana wa kumwamuru. Stretton alishauri kiundwe chombo kimoja cha mashambani. Vita ikaanza mwaka huo huo na ushauri wake ukakaa mezani.

Ukakaa mpaka watu wengine wakafa. Desemba 1943, kwenye moto wa nyasi karibu na Wangaratta, waliteketea watu 10 wa kujitolea. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa 1944, mioto iliendelea sehemu nyingi za jimbo na kufika Yallourn, penye mgodi wa makaa ya mawe uliolisha mitambo ya umeme ya jimbo zima. Nasikitika kuliandika hili, lakini ndivyo lilivyo: umeme ulipotishiwa ndipo mambo yalipokwenda haraka. Stretton akaitwa tena, sheria ikapitishwa mwaka huo, na tarehe 2 Aprili 1945 CFA ikaanza kazi. Vikosi vya miji ya mikoani na vile vya mashambani vikawa chini ya paa moja.

Malori ya jeshi yaliyobaki baada ya vita yalifungwa matangi na pampu, yakagawiwa vijijini. Redio za mawasiliano ziliwekwa popote palipokuwa na mtu wa kuzisikiliza, na mara nyingi mahali hapo palikuwa jikoni kwa mkulima. Mke wake ndiye aliyepokea taarifa ya moshi, akaita magari, akaandika nani yuko wapi, huku sufuria ikiwa jikoni na watoto wakilia miguuni. Kwa miaka mingi wanawake hawakupewa nafasi kwenye gari lenyewe. Waliendesha kikosi bila kuitwa wanakikosi, na naona hiyo ni sehemu ya historia inayostahili kutajwa kwa sauti.

Vikosi hivyo havikuishi kwa moto peke yake. Siku zisizo na moshi hutoka kwa ajali za barabarani, mafuriko na miti iliyoziba njia. Ijumaa Kuu wanakikosi husimama barabarani na makopo mikononi, wakikusanya sarafu kwa ajili ya hospitali ya watoto ya Melbourne.

Halafu ukaja upepo wa tarehe 16 Februari 1983, Jumatano ya Majivu. Siku hiyo watu 47 walikufa Victoria na 28 katika jimbo jirani la Australia Kusini. Huko Upper Beaconsfield, magari mawili ya vikosi vya Panton Hill na Narre Warren yalikuwa kwenye barabara ya msituni kando ya moto uliokuwa ukienda kwingine. Upepo ukageuka. Watu wote 12 wa magari hayo walikufa, mmoja wao mwanamke. Walikuwa mahali ambapo kila mzoefu wa wakati ule angeweza kusimama.

Miaka 15 baadaye jambo hilo lilijirudia. Tarehe 2 Desemba 1998 moto ulikuwa ukiwaka karibu na kijiji cha Linton, magharibi mwa Ballarat. Vikosi vilitoka mbali kusaidia, pamoja na watu wa kujitolea kutoka Geelong, mji wa bandari. Jioni magari mawili ya Geelong yalikuwa yakipita njia ya msituni upepo wa kusini magharibi ulipofika. Moto uliyafunika yote mawili, yakiwa karibu karibu. Gari la kikosi cha mjini Geelong bado lilikuwa na maji tangini. Waliokuwemo waliyanyunyiza kujikinga, wakapona. Gari la Geelong West halikuwa na maji ya kujikinga. Watu watano waliokuwemo wakafa wote.

Msitu mmoja, moto mmoja, dakika zile zile. Tofauti ya uhai na mauti ilikuwa maji ndani ya tangi. Uchunguzi wa mahakama ulichukua miaka, na ripoti yake ilitoka mwaka 2002. Tangu msiba wa Linton hakuna anayepelekwa kwenye moto wa msituni kabla ya kufuzu mafunzo ya msingi, awe mkulima mwenye miaka 30 ya uzoefu au kijana aliyejiunga jana. Magari yakaongezwa mapazia ya kukinga joto na mabomba ya kulinyunyizia gari lenyewe maji. Na kila tangi likawekewa kiwango cha akiba ambacho halishuki chini yake.

Mafunzo hayo hayakuuzima moto wa Jumamosi ya tarehe 7 Februari 2009. Joto la Melbourne lilifika nyuzi 46.4. Kabla ya saa sita mchana waya wa umeme ulikatika Kilmore East, na moto uliotokana nao ukaua watu 119. Jioni upepo ukageuka na kuupandisha kwenye kilima cha Kinglake. Huko watu walikimbilia kituo cha zimamoto, kwa kuwa ndipo mahali mtu wa kijiji hufikiria kwanza. Mji mdogo wa Marysville ulikaribia kuteketea wote. Jimbo zima lilizika watu 173, na nyumba zaidi ya 2,000 zilikuwa majivu. Wengi wa waliozima moto ule walikuwa wakizima nyumba za majirani wasijue kama zao bado zipo.

Mwaka 2020 serikali ya Victoria iliwahamishia askari wote wa zimamoto wa kulipwa waliokuwa ndani ya CFA kwenye chombo kipya cha mijini, baada ya mvutano wa miaka kadhaa. CFA ikarudi kuwa chombo cha watu wa kujitolea.

King'ora kinapolia leo kijijini, fundi anaacha gari la mteja juu ya jeki na muuguzi anaamka. Wanavaa nguo za njano, wanapanda boza, na kabla ya kufika kwenye moshi wanaulizana mambo matatu: upepo utageuka saa ngapi, tutatokea wapi, maji yamebaki kiasi gani. Kisha wanafungua mipira na kufanya kazi. Na mshale wa tangi ukishuka mpaka kwenye akiba, aliyeshika mpira anafunga maji, hata kama ukuta wa nyumba bado unawaka mbele yake, na gari linarudi nyuma kwenda kujaza.