Magari ya Ng'ombe ya Mpwapwa na Tela Lako

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa hapa Nkuhungu, kila mavuno yanapokaribia swali ni lile lile: "Afisa, pikapu yangu ndogo itavuta tela la gunia 20?" Kabla sijakujibu, twende kwanza Mpwapwa, miaka 150 hivi iliyopita.

Wakati huo mizigo ya pwani ilipanda huku bara begani na kichwani kwa wapagazi, mmoja akibeba kilo 30 hivi. Mwaka 1876 Roger Price, mmisionari wa London Missionary Society aliyeyazoea magari ya ng'ombe kusini mwa Afrika, alikuja kujaribu njia. Alitoka Saadani na ng'ombe wachache, akafika karibu na Mpwapwa, akarudi nao pwani wakiwa hai. Akaamini kwamba magari yatapita.

Mwaka 1877 msafara ukaondoka Saadani kwa magari mazito na ng'ombe wengi. Mwaka huo huo Alexander Mackay, wa Church Missionary Society, alikuwa akikata njia ya kilometa 370 hivi kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Kwa hiyo magari yalikuwepo, na njia ilikuwa ikipatikana. Waliokwisha ni ng'ombe. Walikufa njiani, mmoja baada ya mwingine.

Wewe mfugaji tayari umeshataja ndorobo, nami nakubaliana nawe. Nagana humla ng'ombe kwa wiki kadhaa kabla hujamwona anakonda, na kazi nzito humwangusha upesi zaidi. Vimelea vyake David Bruce alivigundua huko Zululand miaka ya 1890, Price alishachelewa. Yeye alirudi Uingereza kujieleza, na mizigo ikarudi begani kwa wapagazi. Edward Hore na J. B. Thomson walifika Ujiji Agosti 1878. Thomson akafia huko mwezi uliofuata.

Nakusimulia habari za Price kwa sababu wengi wetu tunajaribu kama yeye. Tunafunga tela tupu, tunazunguka nalo mtaani kwenye lami, linavutika, basi tunapakia. Kuvuta si mtihani. Mtihani ni kusimama kwenye mteremko, mzigo ukiwa nyuma yako.

Piga hesabu. Gunia 20 za kilo 100 ni kilo 2,000, bado hujaweka uzito wa tela lenyewe. Soma kitabu cha gari: pikapu ndogo nyingi haziruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 kama tela halina breki zake. Panga mzigo uelemee mbele kidogo ya ekseli, ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito ikae kwenye ndoano. Ukirundika nyuma, mkia wa pikapu unanyanyuka na tela linaanza kuyumba. Likiyumba, achia mafuta taratibu, shika usukani uwe wima, usikanyage breki kwa nguvu wala usikimbize gari ukidhani litanyooka. Mteremko uuanze ukiwa kwenye gia ndogo tangu juu. Funga na mnyororo, ndoano ikichomoka tela lisikuache.

Basi, gunia 20 kwa pikapu hiyo, hapana. Najua mafuta ni ghali na safari tatu zinauma. Ungana na majirani wawili watatu, mkodi Fuso moja mpaka Kibaigwa.