Picha za Muhuta na foleni ya Bujumbura

Barabara ya taifa namba 3 inatoka Bujumbura kwenda kusini, Ziwa Tanganyika likiwa upande wa kulia na milima ya Mumirwa upande wa kushoto. Hupita Kabezi, huingia tarafa ya Muhuta, hugusa Gitaza, kisha huendelea hadi Rumonge, mwendo wa kilomita 75 hivi. Tangu televisheni ya taifa ya Burundi ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1984, hadi kompyuta zilipochukua kazi ya uhariri miaka ya 2000, picha ya video iliyopigwa kwenye mwambao huu na kukusudiwa kuonwa na watu wengi ilikuwa na safari moja: kupanda barabara hiyo ikiwa ndani ya kaseti, kufika kwenye vyumba vichache vya uhariri vya Bujumbura, na kusubiri zamu. Wanaosimulia historia ya video katika Afrika Mashariki huanza na kamera: nani alikuwa nayo, ilifika lini, ilikuwa ya aina gani. Naona wanaanza mahali pasipo penyewe. Kilichoamua ni wavuvi gani, soko gani na mlima gani vitabaki machoni mwa vizazi ni chumba cha uhariri kilichotumiwa na wengi kwa zamu, na anayetaka leo kuokoa kumbukumbu za Muhuta hana budi kwanza aelewe chumba hicho kilivyofanya kazi.

Kamera yenyewe ilizidi kuwa nyepesi na rahisi kadiri miaka ilivyokwenda. Mfumo wa U-matic, uliotoka mwaka 1971 na kutumia mkanda wenye upana wa robo tatu ya inchi, ulihitaji watu wawili njiani: mmoja na kamera, mwingine na deki begani, waya ukiwaunganisha. Mwaka 1982 Betacam iliviweka vyote viwili katika mwili mmoja, na VHS, iliyokuwapo tangu 1976, iliwafikia hata wapiga picha za harusi. Uhariri haukupata nafuu ya namna hiyo. Deki moja ilicheza kanda ghafi, nyingine ikanakili vipande vilivyochaguliwa, na kati yake palikuwa na kidhibiti chenye gurudumu la kutafutia picha. Mhariri aliweka alama ya mwanzo na ya mwisho, akabonyeza kitufe, na mashine zote mbili zikarudi nyuma sekunde tano hivi kabla ya kuanza kukimbia, ili zifikie mwendo mmoja kabla ya kipande kurukia mahali pake. Kipande kilifuata kipande kwa mstari. Ukigundua kwamba picha ya dakika ya tatu ilistahili kurefushwa kwa sekunde nne, ulikuwa na njia mbili: kurudia kila kitu kilichofuata, au kunakili kazi nzima kwenye mkanda mwingine na kukubali rangi ififie na mistari ianze kutetemeka, maana kila nakala ya analogi ilipoteza kitu. Hata mkanda mtupu ulikuwa na kazi yake. Anayetaka kuchomeka picha katikati ya kazi bila kuvunja mwendo alilazimika kwanza kuurekodi mkanda mzima kwa weusi, saa nzima kwa mkanda wa saa moja, ili uwe na alama za kuongozea mashine.

Kazi ya namna hii ilikula muda, na mashine zilikuwa ghali mno kwa mtu mmoja kuzimiliki. Ndiyo maana katika shule, vyuo, vituo vya televisheni na miradi ya maendeleo kote duniani ziliwekwa katika chumba kimoja kwa matumizi ya wengi, na chumba hicho kikazaa sheria zake. Mkanda haukuachwa umesimama kwenye picha moja, kwa sababu vichwa vinavyozunguka vingeendelea kuusugua palepale. Kitufe chekundu cha chini ya kaseti ya U-matic kiling'olewa mara baada ya kurekodi ili mwenye zamu inayofuata asifute kazi ya mwenzake. Mashine iliyotoka penye baridi na kuingizwa penye joto na unyevu, hali ambayo mtu wa mwambao wa ziwa anaifahamu vizuri, iliachwa ikauke kabla ya kuwashwa, la sivyo mkanda ungenata kwenye ngoma yenye vichwa hivyo. Juu ya yote, hukuingia chumbani bila karatasi. Saa zako zilikuwa zimehesabiwa, hivyo ulitazama kanda ghafi mapema, ukaandika kila picha iko dakika ya ngapi, inaonyesha nini, nani anazungumza na kwa lugha gani, kisha ukaamua kwa kalamu kabla ya kuamua kwa kitufe. Karatasi hizo ni hazina, na nitazirudia.

Foleni ilichuja. Mtu mwenye dakika thelathini za picha za dagaa wanaoanikwa na saa chache tu za zamu hachagui kama mtu mwenye wiki nzima. Atachukua kiongozi anayehutubia, kwa kuwa hotuba ina mwanzo na mwisho unaojulikana, atatia picha mbili za mitumbwi kufunika sauti, kisha atatoka kumpisha mwingine. Sisemi hivyo kumlaumu. Nasema kwamba sura tuliyonayo ya mwambao kwenye vipindi vilivyokamilika ilitokana kwa sehemu kubwa na uchache wa deki, na kwamba maisha ya watu wa Muhuta yalibaki kwenye kanda ghafi: pembezoni mwa picha, nyuma ya msafara, katika sekunde ambazo kamera ilikuwa imewashwa kabla ya mgeni rasmi kushuka garini. Na kanda ghafi ndizo zilizofutwa kwanza. Mkanda ulikuwa ghali, na ulirekodiwa upya. BBC, yenye fedha nyingi, ilifuta sehemu nyingi za mchezo wake wa Doctor Who za miaka ya 1960. NASA nayo ilikiri mwaka 2009 kwamba kanda za awali za data zenye picha za mwezini za Apollo 11 zilifutwa ili zitumike tena. Chumba maskini hakingeweza kuwa na huruma zaidi.

Kulikuwa na kichujio kingine ambacho watu wa ziwa waliishi nacho bila kukiona. Burundi na Zaire, zikifuata Ufaransa, zilitumia mfumo wa rangi wa SECAM. Tanzania, iliyokuwa na televisheni Zanzibar tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na bara tangu 1994, ilitumia PAL. Mkanda wa PAL ukiwekwa kwenye deki na televisheni za SECAM pekee ulionekana wa rangi nyeusi na nyeupe. Mitumbwi, mawese, nyimbo na Kiswahili chenyewe vilivuka kati ya Rumonge na Kigoma kila siku, lakini picha iliyovuka mpaka huo ilipoteza rangi hadi ipitie chumba chenye mashine ya kubadilisha mfumo. Kwa hiyo hata ndugu wa Kigoma hawakuwa njia rahisi ya kuikwepa foleni.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito, nalo ni redio. Burundi imekuwa nchi ya redio tangu 1960. Studio iliyobadilisha masikio ya watu katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa Studio Ijambo, iliyoanzishwa 1995, na wala haikurusha picha. Televisheni ilikuwa ya wachache wenye umeme. Basi kwa nini kuhangaikia deki? Nakubali kwamba maoni ya watu wa Muhuta yalisafiri kwa sauti zaidi kuliko kwa picha. Ila sauti haionyeshi maji yalipoishia. Ziwa Tanganyika lilipanda sana mwaka 1964, likashuka, kisha likapanda tena miaka ya karibuni hadi mwaka 2024 likakaribia kimo kile cha zamani na kumeza fukwe, nyumba na mialo. Machi 2015 maporomoko ya udongo yaliiangukia Gitaza, yakaua watu na kufunga barabara. Mhandisi anayepanga leo wapi pajengwe na wapi paachwe angenufaika na dakika mbili tu za video ya miaka ya 1980 zinazoonyesha mteremko uleule ukiwa na miti au bila miti. Picha hiyo, kama ipo, haimo kwenye kipindi kilichorushwa. Imo kwenye kanda ghafi ya safari ya mtu aliyekwenda kurekodi jambo jingine kabisa.

Pingamizi la pili ni kwamba nakitwisha chombo mzigo wa siasa: chumba kilikuwa cha dola, nacho kingewaacha wavuvi nje hata kama kingekuwa na deki mia. Hapa ushahidi mzuri unatoka pwani nyingine. Katikati ya miaka ya 1990, katika mikoa ya Mtwara na Lindi nchini Tanzania, mradi wa RIPS uliogharimiwa na Finland ulijaribu video shirikishi. Wavuvi walizungumza mbele ya kamera ndogo juu ya uvuvi wa baruti uliokuwa ukiangamiza matumbawe, wakaonyeshwa walichorekodiwa, wakajadiliana, na picha zilizohaririwa zikafikishwa kwa viongozi ambao wasingefika vijijini kuwasikiliza. Dola ilikuwa ileile, wavuvi walewale. Kilichosogea ni uhariri, ulioletwa karibu na waliohusika, ukafuata mazungumzo yao badala ya saa za zamu. Siasa ina nguvu, sikatai. Lakini penye mlango mmoja mlinzi mmoja anatosha, na teknolojia ya analogi ndiyo iliyofanya milango iwe michache. Hata filamu ya Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, inayotajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, ilihitaji ushirikiano na Uswisi na Ufaransa ili ikamilike. Mara uhariri ulipohamia kwenye kompyuta, mambo yalikwenda mbio: Burundi Film Center ilianza kufundisha vijana mwaka 2007, na tamasha la FESTICAB likafuata 2009. Vipaji havikuzaliwa miaka hiyo. Vilikuwa kwenye foleni.

Wapo watakaosema kwamba simu zimemaliza habari hii, na kwamba nchi yenye mahitaji mengi haina haja ya kukarabati mashine za kale. Simu hairudishi kilichorekodiwa mwaka 1988. Mkanda wa sumaku haujali kwamba teknolojia imesonga: gundi yake inanyonya unyevu, ukungu unaota, na mashine za kuusomea zinakufa kwa kukosa vipuri. Sony iliacha kuuza kanda za Betamax mwaka 2016, na mwaka huohuo Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ikafunga kazi hiyo. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari juu ya kanda za sumaku, huku wataalamu wengi wakiutaja mwaka 2025 kuwa ukingo ambao baada yake uokoaji utakuwa mgumu na ghali. Mwaka huo umeshapita. Na dijitali peke yake si ngao: Mei 2015 vituo binafsi vya Bujumbura, Radio-Télé Renaissance ikiwemo, vilishambuliwa na kuharibiwa, na hifadhi iliyo katika jengo moja tu hupotea pamoja na jengo hilo, iwe ya mkanda au ya diski.

Gharama ya kuziokoa kanda hizo inahesabika. Mkanda wa saa moja unahamishwa kwa saa moja, hauna haraka nyingine. Kanda za saa 1,000, deki moja nzima ikifanya kazi saa 5 kwa siku, ni siku 200 za kazi, pamoja na kifaa cha kunyoosha ishara inayoyumba, spiriti ya kusafishia vichwa, kompyuta moja, na nakala tatu zilizowekwa sehemu tatu tofauti. Ugumu uko kwenye kuchagua kaseti ya kuanza nayo, na hapo ndipo zile karatasi za zamu zinapohitajika, kwa sababu kasha lililoandikwa «ziara ya mkoani» halisemi kitu, ilhali karatasi yake huenda inasema dakika ya 14 ni mwalo, dakika ya 17 ni soko. Muhuta ilikuwa chini ya Bujumbura Vijijini hadi 2015, ilipoingizwa katika mkoa wa Rumonge, uliokuwa mpya wakati huo, kwa hiyo anayezitafuta picha zake chini ya jina la Rumonge atazikosa. Aanze na mafundi waliostaafu, wanaokumbuka nani alikwenda wapi na kaseti zipi, na deki ipi kati ya zile zilizofunikwa vumbi bado inaweza kuzunguka.