Saa moja, vifungu vitatu: Eastlands na mtihani wa kusoma Kiingereza

Oktoba 2021, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitoa habari iliyowaacha Wakenya vinywa wazi. Kati ya wauguzi wapatao 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili wakafanye kazi Uingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Kejeli zilianza papo hapo. Ilhali wauguzi hao walisomea kazi yao kwa Kiingereza, wakatahiniwa kwa Kiingereza, na kila zamu hujaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza.

Anayeijua mitaa ya Eastlands, Nairobi, hakosi kujiuliza: walijiandalia wapi? Huku watu wamekuwa wakijibu maswali ya vifungu vya Kiingereza tangu kabla ya uhuru. Mitihani imebadilika majina, lakini shida ya mtahiniwa imebaki ile ile, kupata mahali pa kuketi asome saa nzima bila kusumbuliwa.

Mitaa ya Kaloleni na Ziwani ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Vyumba vilikuwa vichache na watu wengi. Mtoto wa huko aliyetaka kuendelea na masomo miaka ya 1950 alikabiliwa na KAPE, mtihani wa mchujo wa shule za Waafrika. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu. Umma uliruhusiwa kuingia baada ya Baraza la Jiji kuichukua mwaka 1962. Kabla ya hapo, aliyetaka kusoma alibaki darasani jioni, au alisubiri wadogo zake walale ndipo asogeze koroboi.

Walioruka kiunzi hicho wakaanza kutazama ng'ambo. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa aliyewahi kuishi Ziwani, alifanikisha safari ya ndege iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani. Wakati huo TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa Marekani, haikuwapo. Ilianza kutolewa mwaka 1964. Upande wa Uingereza, Cambridge ilikuwa na mtihani wake tangu 1913, mwaka ambao watahiniwa watatu waliketi kwa saa 12 na wote wakaanguka. Kwa wageni waliotaka kusoma vyuo vya Uingereza, ELTS ilikuja mwaka 1980, kisha IELTS ikachukua nafasi yake mwaka 1989. Tangu hapo, cheti cha shule ya Kenya hakikutosha tena kila mahali kuthibitisha kwamba mtu anajua Kiingereza.

Nyumbani nako karatasi zilikuwa zikigeuka. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kitumiwe kufundishia tangu darasa la kwanza. Mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi ukawa na karatasi tatu, Kiingereza, Hisabati na ile ya masomo ya jumla, na mtahiniwa alichagua jibu moja kati ya yaliyoorodheshwa. Mfumo wa 8-4-4 ulileta KCPE mwaka 1985: maswali 50 ya lugha, yakiwemo ya kujaza mapengo na ya vifungu vya ufahamu, pamoja na insha. KCSE ya kwanza, ya kumaliza sekondari, ilifanywa mwaka 1989.

Mitihani hiyo ndiyo iliyozaa biashara ya tuisheni. Kuanzia Buruburu hadi Dandora, Umoja hadi Kayole, vyumba vya kupanga na kumbi za makanisa viligeuzwa madarasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni ya likizo, lakini wazazi waliendelea kulipa. Mzazi hakuwa akinunua mwalimu peke yake; alikuwa akinunua dawati na saa mbili za utulivu ambazo nyumba yake haikuweza kutoa.

Kwenye madawati hayo watoto walifunzwa mazoea fulani. Katika KCPE, jibu sahihi lilikuwa lazima liwe miongoni mwa A, B, C na D. Mwanafunzi mjanja alianza na maswali, akarudi kwenye kifungu kuwinda neno linalofanana, akaweka alama. IELTS humnasa hapo hapo. Chukua kifungu kinachosema hivi: «Mabomba ya mtaa yaliwekwa wakati wakazi wakiwa wachache, leo maji hufika mara mbili kwa wiki.» Kisha unaulizwa iwapo ni kweli kwamba maji yamepungua kwa sababu idadi ya watu imeongezeka. Mkazi wa Kayole anayebeba mitungi atajibu «kweli» bila kusita, maana anajua. Lakini kifungu hakikutaja sababu. Jibu ni «haikutajwa», chaguo ambalo KCPE haikumzoesha. Hapo mtahiniwa anapaswa kuweka kando maisha yake yote na kuamini karatasi tu.

Halafu kuna saa. Karatasi ya kusoma ya IELTS kwa wanaoenda vyuoni ina vifungu vitatu vyenye jumla ya maneno zaidi ya 2,000, maswali 40 na dakika 60. Alama ya 7, ambayo wauguzi wengi huitafuta, huhitaji takriban majibu 30 sahihi. Ukilala kwenye kifungu cha kwanza, cha tatu hutakifikia. Ada ya mtihani ni makumi ya maelfu ya shilingi, na matokeo hutambuliwa kwa miaka miwili, kwa hiyo anayecheleweshwa na viza huenda akalipa upya.

Leo mazoezi yamejaa kwenye simu, mengine bila malipo. Lakini simu hiyo hiyo huleta ujumbe wa chama na kikumbusho cha deni kabla hujamaliza aya. Ndiyo maana ukarabati wa maktaba za Kaloleni na Makadara una uzito zaidi kuliko unavyodhaniwa. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishirikiana na serikali ya kaunti kuzifufua, sambamba na McMillan yenyewe.

Anayejiandaa sasa asianze na orodha ya maneno magumu. Aanze na makala ndefu kila siku, za sayansi, historia au biashara, ajipime kwa saa, na kila jibu alionyeshe mstari lilipotoka. Asiyeweza kuuonyesha mstari, amekisia. Naye mwakilishi wa wadi anayeomba kura za vijana wanaotaka kazi ng'ambo ana swali moja jepesi la kujibu: maktaba ya eneo lake hufungwa saa ngapi, na muuguzi anayetoka zamu jioni atasomea wapi?