Erasto wa Korintho: jiwe lililowagawa wasomi

Mwaka 2029 itatimia karne moja tangu wanaakiolojia wa Kimarekani, waliokuwa wakichimba karibu na magofu ya ukumbi wa maonyesho wa Korintho, Ugiriki, walipofukua sakafu ya mawe yenye jina ambalo Afrika Mashariki limeenea makanisani na shuleni: Erasto.

Kwa Kigiriki ni Erastos, yaani mpendwa. Wagiriki walilitumia karne nyingi kabla ya Ukristo. Mmoja wa wanafunzi wa Plato, mwenyeji wa Skepsis, aliitwa hivyo. Katika Biblia linatajwa mara tatu. Kwenye Matendo 19:22 Erasto anatumwa Makedonia pamoja na Timotheo. Kwenye 2 Timotheo 4:20 amebaki Korintho. Na kwenye Warumi 16:23, barua ambayo Paulo aliiandika akiwa Korintho mnamo mwaka 57, Erasto, wakili wa mji, anatuma salamu.

Cheo hicho ndicho kilicholipa jiwe la Korintho umaarufu. Maandishi yake ni ya Kilatini, maana Korintho, iliyobomolewa na Warumi mwaka 146 KK, ilijengwa upya kama koloni lao mwaka 44 KK. Herufi ni kubwa, karibu sentimita 18 kwenda juu, zimechongwa ndani ya jiwe ili zijazwe shaba. Shaba yenyewe ilishang'olewa zamani, yamebaki mashimo tu. Maandishi yanasema kwamba Erasto, kwa kupewa uedili, aliitandaza sakafu hiyo kwa fedha zake mwenyewe. Edili alikuwa afisa wa kuchaguliwa, msimamizi wa masoko, barabara na majengo ya umma, na aliyeshinda alitarajiwa kuwafanyia wananchi jambo la kuonekana. Jina lake likabaki pale kama la mheshimiwa wa leo kwenye jiwe la msingi.

Wengi walishangilia: huyu ndiye Erasto wa Paulo! John Harvey Kent, aliyechapisha maandishi ya Korintho mwaka 1966, aliunga mkono. Kwa hoja yake, jiwe ni la katikati ya karne ya kwanza, na jina hilo halikuwa la kawaida mjini humo.

Lakini tangu mwaka 1931 Henry Cadbury alikuwa ameshatia shaka. Neno la Kigiriki ambalo Biblia yetu inaliita wakili, alisema, halilingani na cheo cha edili. Mara nyingi lilimhusu mtunza fedha wa ngazi ya chini, pengine hata mtumwa. Mwaka 1996 Justin Meggitt akaongeza kuni motoni: jiwe limevunjika upande wa kushoto, hivyo huenda jina kamili lilikuwa Eperasto. Mwaka 2010 Steven Friesen akasema sakafu hiyo ni ya karne ya pili, wakati Erasto wa Paulo alikwisha kufa.

Ugomvi huu si wa herufi tu. Erasto akiwa edili, basi kanisa la kwanza la Korintho lilikuwa na tajiri wa kumwaga fedha barabarani. Akiwa karani, linabaki kanisa la watu wa kawaida, kama Paulo mwenyewe anavyolieleza katika 1 Wakorintho 1:26. Kwa maoni yangu, haraka ya kumvika Erasto joho la uheshimiwa inatusema sisi wenyewe, tunaotaka kila jina la Biblia liwe la mtu mkubwa.

Baadaye jina lilizunguka Ulaya. Daktari Thomas Erastus (1524–1583) aliligeuza jina lake la Kijerumani kuwa la Kigiriki, na hoja zake kuhusu mamlaka ya kanisa zikazaa mafundisho yanayoitwa kwa jina lake. Kwetu lilikuja na ubatizo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kitanganyika, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Leo wanafizikia duniani wanalitaja jina lake.

Hata hivyo akina Erasto wengi hawajasimuliwa habari za jiwe hili. Makanisa yana nafasi ya kulirekebisha hilo kabla ya 2029. Yawaeleze vijana pande zote mbili za ugomvi, kisha yawaambie kwamba kutuma salamu kwa Warumi kulitosha kumwingiza karani katika Maandiko.