Gazi ya LNG: inatoka wapi, inaenda wapi, na juu ya nini haifiki jikoni

LNG ni gazi ya asili iliyogeuzwa kuwa maji. Sehemu yake kubwa ni metani. Siyo ile gazi ya chupa inayouzishwa mujini: ya chupa ni propani na butani, na inakuwa maji kwa kukandamizwa tu. Metani inaomba baridi kali, digri 162 chini ya sifuri. Hapo inapunguka mara 600 hivi, na meli moja inaweza kubeba nyingi sana.

Safari inaanzia kwenye kisima. Kwanza gazi inasafishwa: maji na gazi ya kaboni vinatolewa, kwani vikibaki vitaganda na kuziba mitambo. Kiwanda kinaipoza, kisha inapakiwa katika meli yenye matanki yanayolinda baridi, sawa na termosi. Kidogo inarudi kuwa mvuke njiani, na meli nyingi zinaichoma kwa kuendesha mashini. Kwenye bandari ya mununuzi inapashwa moto, inakuwa gazi tena, inaingia katika mabomba hadi kwenye santrali za umeme, viwanda na nyumba.

Mitambo hiyo yote ni ya bei kali. Kwa hiyo kampuni na mabenki zinataka mununuzi wa miaka mingi apatikane mbele ya kujenga.

Mufano ni Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado, jirani na Tanzania. Kiwanda kinachoelea cha Coral Sul, kinachoongozwa na Eni, kilituma meli ya kwanza mwezi wa 11, 2022. Kinaweza kutoa tani milioni 3.4 kwa mwaka, na kampuni ya BP ilisaini kununua zote kwa miaka 20. Inchi inapata kodi na sehemu yake ya mapato, lakini gazi yenyewe inaenda mbali.

Inchi kavu, kule Afungi, wakaaji wa kijiji cha Quitupo walihamishwa kwa kupisha kiwanda kingine. Mwezi wa 3, 2021, wapiganaji walishambulia muji wa Palma ulio karibu, na TotalEnergies ikasimamisha kazi.

Hapa kwetu, metani iko ndani ya maji ya Ziwa Kivu. Upande wa Rwanda, santrali ya KivuWatt inaichoma palepale kandokando ya ziwa na kutoa umeme. Haihitaji kuipoza wala meli, kwa sababu mutumiaji yuko karibu.

Mwaka 2022 Kongo iliweka mnadani vitalu 3 vya gazi vya ziwa hilo. Kwa familia zinazopika na makala, jambo la kufuata katika mikataba ni hili: gazi itatumiwa na nani, itamufikia kwa njia gani, na kwa bei gani. Msumbiji inaonyesha kwamba mambo hayo yanaamuliwa mbele ya kiwanda kujengwa. Kikisha kujengwa, ni vigumu kuyabadilisha.